Sekunde Kumi na Tano

Watu elfu moja wakitazama mpaka mwisho,
asiwepo hata mmoja wa kubonyeza Ruka,
napata shilingi mia na themanini.
Hiyo ni mikate ya mofa kumi na minane
kwa bei ya Langoni, chai nijitegemee.

Zamani niliweka picha zisizotembea:
duka la Athman Fumo, saruji, bawaba, misumari.
Athman alinilipa kwa misumari.

Kisha kampuni ya Nairobi ikaandika:
picha iliyosimama hailipi, dada. Weka video.
Iko inayotangulia habari,
inabisha hodi ikiwa imeshaingia.
Iko inayojifungua katikati ya aya, bubu,
hadi kidole kiiguse ndipo iseme.
Na iko ile ndogo ya pembeni,
ukishuka inashuka nawe
kama mtoto aliyeona una chenji.

Nikaziweka zote tatu. Tamaa.
Ukurasa ukawa mzito, unapanda kama punda
mwenye matumbawe mgongoni.
Bando za watu wa Matondoni zikaisha
kabla hawajajua umeme unakatika saa ngapi.
Mwezi ule nusu ya wasomaji walihama.
Nikaondoa mbili,
nikabaki na hiyo ya hodi.

Amu inasoma nini? Si siasa, usidanganywe.
Saa za maji kujaa na kutoka. Bei ya sukari.
Na tanzia.
Tanzia haina mtu anayeipita.

Jumatano moja ya Mfungo Sita, alfajiri,
shangazi yangu Bi Mwanamkuu alifariki Mkomani.
Niliandika mwenyewe, maji ya kumwosha hayajatekwa:
jina, la baba, la babu, watoto aliowaacha,
mazishi baada ya adhuhuri.
Nikachapisha, nikaenda kushona sanda na wenzangu.
Mtambo sikuukumbuka.

Mbele ya jina lake, sekunde kumi na tano:
godoro.
Mwanamke anajinyoosha, anapiga mwayo kwa tabasamu,
sauti nzito inasema, lala kama malkia.
Yeye aliyelala miaka sabini
juu ya kitanda cha kamba
akikaza mwenyewe kila kilipolegea.

Kufika alasiri, watu elfu kumi na moja.
Faza, Mombasa, Maskati, London.
Na jicho la London, ndivyo soko lilivyo,
hulipa mara nane ya jicho la Faza.
Shilingi elfu tisa na mia nne kwa ukurasa mmoja.
Sijawahi kupata hivyo, si kabla, si baadaye.

Usiku Badi alinipigia kutoka Jeddah.
Hakutukana. Ningependa angetukana.
"Mato yangu," akasema,
"yameona godoro kabla ya jina la mamangu."
Nikamwambia pale chini kuna kitufe.
Akasema, "Mikono ilikuwa ikitetema.
Nilingoja zote."

Nimezima video kwenye tanzia.
Imebaki kwenye sukari, kwenye mpira,
kwenye habari za waziri anayekuja na asifike.
Mapato yameshuka, nayajua bila kuyafungua:
natembea kwa miguu, sipandi boda,
na deni la intaneti linanisalimia kwa jina.

Wale elfu tisa na mia nne?
Mchele wa khitma, gunia moja, na samli.
Watu walikula, wakasifu, wakamwombea.
Godoro ndilo lililowalisha
na sijamwambia mtu mpaka hapa.

Juzi kampuni imeandika tena, kwa upole:
ukurasa wako bora umezimwa, dada,
kuna hitilafu?

Nimeandika, hakuna.
Nimefuta.
Nimeandika, ipo.
Nimefuta.
Maji yanajaa saa nane na robo mchana wa leo.
Hilo nimelituma.